Baraza Halifungwi! Vidokezo 11 vya Kuendesha Kundi la Wastaafu Wakati wa Janga

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Mwezi haukwisha, kafyu ikawa imeanza. Aprili nayo ikaja na amri ya kutoingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Mabaraza yakabaki matupu. Wazee waliozoea kukutana kila alasiri kwa kahawa na bao wakaambiwa wakae ndani, na sababu ilikuwa ya haki kabisa: ugonjwa ule uliwaandama wao kuliko vijana.

Lakini upweke nao unaua nguvu za mtu. Mstaafu ameshaagana na kazi, watoto wako Nairobi au Doha, mwenzi wake pengine ametangulia. Kundi lake ndilo linalomuuliza, "Jana mbona hukuonekana?" Kundi likifungwa, nani atauliza?

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya korona Mei 2023, nasi tukashusha pumzi. Hata hivyo magonjwa ya mlipuko hayajatuaga. Basi ikiwa wewe ni mwenyekiti, katibu, mwekahazina, au yule asiye na cheo ila kila jambo likitokea anapigiwa yeye (tunakujua!), vidokezo hivi ni vyako. Havihitaji mfadhili wala semina. Chukua kalamu, twende.

1. Salamu za saa tatu asubuhi

Naanza na hiki kwa sababu ukifanya hiki peke yake, tayari umeokoa kundi lako. Andika majina yote kwa mpangilio. Kila asubuhi saa tatu, wa kwanza anampigia wa pili, wa pili anampigia wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, naye anampigia katibu. Mazungumzo ni mafupi: umeamkaje, umekula nini, dawa umemeza? Ikifika saa nne na nusu katibu hajapigiwa, anajua salamu zimekwama mahali. Anaanza kurudi nyuma kwenye orodha, jina kwa jina, mpaka ampate aliyenyamaza.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayebebeshwa mzigo wa kuwapigia watu 20. Kila mtu anapiga simu moja. Na yule mzee mwenye haya, ambaye hawezi kumpigia mtu na kusema "nimechoka kukaa peke yangu", sasa ana sababu ya kupokea simu kila siku. Tena ana kazi: asipopiga yeye, kundi zima linasimama. Mpe mtu mzima wajibu uone anavyoamka mapema!

Kundi likizidi watu 12, ligawe mara mbili, maana salamu zitafika saa saba mchana na habari zimepoa. Na kila baada ya wiki mbili badilisha mpangilio. Vinginevyo mtu atazungumza na yule yule hadi wamalize hadithi zote.

2. Jirani mwenye ufunguo

Simu isipopokelewa mara mbili, nani anakwenda kubisha hodi? Hilo liamuliwe leo, siku ambayo kila mtu ni mzima. Kwenye daftari la kundi, mbele ya kila jina, andika namba ya jirani wa karibu, namba ya mtoto mmoja anayepokea simu kweli (si yule wa "nitakupigia baadaye, Mama"), na mahali anapotibiwa. Kama mtu anaishi peke yake, mwombe ampe jirani anayemwamini ufunguo wa pili. Wengine watasita, na wana haki. Usiwasukume. Waulize tena wiki ijayo kwa upole.

3. Mwenye kabambe naye ni mwanachama

Kosa la makundi mengi wakati wa korona lilikuwa kuhamishia mambo yote WhatsApp kisha kudhani kila mtu amehamia. Wazee wengi wana kabambe, yaani simu za kubonyeza, na hawana mpango wa kuzibadilisha, kwa sababu betri zake hukaa siku kadhaa. Ukitangaza mkutano WhatsApp peke yake, umewafukuza bila kujua.

Fanya hivi: kila tangazo litoke kwanza kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ndipo liende WhatsApp. Kwa mazungumzo ya pamoja, jaribu kuunganisha watu kwenye simu moja ya kawaida. Simu nyingi, hata za bei ndogo, zinaweza kuunganisha watu watatu au wanne. Mjukuu mmoja mwenye subira ateuliwe fundi wa kundi, awafundishe wazee mmoja mmoja.

Kwa wenye simu za kupangusa, sauti ndiyo mfalme. Mtu ambaye hawezi kuandika bila miwani atakutumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu wenye kicheko ndani yake, jambo ambalo maandishi hayaliwezi. Mazungumzo ya kikundi WhatsApp yalikuwa ya watu 4 tu mpaka Aprili 2020 yalipopanuliwa kufikia 8, na namba hiyo ndogo iligeuka baraka: watu 8 wanasikilizana, watu 30 wanapigiana kelele. Na Zoom ya bure, inayojikata baada ya dakika 40? Iacheni ijikate. Mkutano unaokwisha watu wakiwa bado na hamu ni mkutano mzuri.

4. Bao kwa simu (ndiyo, inawezekana!)

Watu walipoambiwa wasikutane, wengi walidhani bao limekwisha. Hapana! Bao ni mchezo unaofaa simu kuliko karata na dhumna, kwa sababu hakuna kinachofichwa. Mashimo 32 yako wazi, kete 64 zinahesabika, na zikishaanza kumwagwa hakuna bahati nasibu. Kila mchezaji akiwa na bao lake nyumbani, mabao mawili yatakwenda sawa mwanzo hadi mwisho.

Mbinu ni kuyapa mashimo namba. Safu yako ya mbele, moja hadi nane kuanzia kushoto kwako. Safu ya nyuma vivyo hivyo. Kisha unatangaza: "Nanamua la tano, nakula, naanzia kichwa cha kulia." Mwenzako anacheza hatua hiyo hiyo kwenye bao lake, anaangalia, anaguna (lazima agune), kisha anajibu. Mwisho wa kila zamu semeni idadi ya kete zilizo nyumbani, mhakikishe hamjapotezana. Asiye na bao achimbe mashimo uani na kutumia komwe au vijiwe, kama alivyofanya utotoni.

Wasiocheza wasikilize na kutoa ushauri usioombwa. Bila hao, bao gani hilo?

5. Mkikutana, kutaneni nje, na kila mtu aje na kikombe chake

Amri zikilegea na mkaruhusiwa kukutana wachache, kaeni chini ya mwembe, si sebuleni. Kirusi cha korona huelea katika hewa ya chumba kilichofungwa. Upepo wa wazi hukitawanya. Viti vipangwe mbali mbali kabla watu hawajafika, kiasi cha mita moja na nusu, kwa sababu wakishafika kila mtu atasogea kwa rafiki yake. Barakoa ivaliwe wakati wa kuzungumza, maana wapo wanaoishusha kidevuni pale pale wanapofungua kinywa.

Sasa, kahawa. Tunaipenda kahawa chungu na vikombe vyake vidogo vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja, na ndoo hiyo ndiyo shida yenyewe. Muuza kahawa msimnyang'anye riziki yake. Mwiteni aje na mdila wake kama kawaida, amimine kwenye vikombe mlivyotoka navyo nyumbani. Halua nayo ikatwe na kufungwa vipande vipande mapema, kila mtu chake, badala ya mikono kumi kuchovya sahani moja. Wasiosikia vizuri wakae katikati, kwa kuwa barakoa huwanyima midomo waliyozoea kuisoma.

6. Pesa: ndogo, wazi, na mikono miwili

Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakutatozwa ada, na nafuu hiyo ikaendelea mpaka mwisho wa mwaka. Makundi yaliyokuwa macho yalishusha mchango ukaingia ndani ya kiwango hicho, na hakuna senti iliyopotelea njiani. Janga likija, kazi ya kwanza ya mwekahazina ni kuuliza: kuna nafuu gani imetangazwa?

Kazi yake ya pili ni uwazi. Mkikutana ana kwa ana, daftari linaonekana mezani. Kwa simu, mtu hukaa kitandani akiwaza. Basi kila Ijumaa jioni mwekahazina asome hesabu kwa sauti: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Dakika mbili tu. Na pesa isitoke bila watu wawili kukubaliana, hata kama mwekahazina ni mtu wa swala tano.

Upatu nao usilazimishwe uende kwa kasi ile ile. Pensheni ikichelewa, au mtoto aliyekuwa akituma pesa akasimamishwa kazi, mzee atakopa mahali pabaya ili asiaibike mbele ya wenzake. Kubalianeni mapema: mzunguko usimame miezi miwili bila faini na bila maswali. Hilo ni heshima kwa kila mtu.

Halafu matapeli! Wakati wa dhiki huongezeka. Ujumbe unaingia ukidai umepokea pesa, sekunde chache baadaye mtu analia kwenye simu kwamba amekosea namba, umrudishie. Mwambie kila mwanachama aandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, abandike karibu na anapochajia simu: NAANGALIA SALIO KWANZA. SITAJI NAMBA YANGU YA SIRI. Kisha ampigie katibu kabla hajafanya lolote. Mtu mwenye haraka ya kurudishiwa pesa anaweza kungoja dakika tano.

7. Mteueni mchuja habari

Asubuhi limau, mchana vitunguu saumu, usiku video ya daktari asiyejulikana anatoka wapi. Korona ilikuja na mafuriko ya habari, na wazee walizipeleka kwa wenzao kwa sababu moja nzuri: wanawapenda. Kwa hiyo usimkaripie mtu mbele ya kundi kwa kutuma uvumi. Utamnyamazisha, na anayenyamaza hujitenga.

Badala yake mwombeni mwanachama mmoja, muuguzi mstaafu akiwepo ndiye hasa, awe mchuja habari. Kanuni ni moja: jambo lolote la dawa au tiba linatumwa kwake kwanza. Kila jioni yeye anatoa ujumbe mmoja wa sauti: hili ni kweli, hili si kweli, hili Wizara ya Afya haijasema kitu. Wafundisheni wote alama ya mishale miwili kwenye ujumbe wa WhatsApp. Inaonyesha kwamba ujumbe umeshapita mikononi mwa watu wengi sana, na Aprili 2020 WhatsApp yenyewe iliamua ujumbe wa namna hiyo utumwe mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Wao wameona hatari yake, nasi tuione.

Jambo moja lisemwe bila kuzunguka: kujifukiza kwa maji yanayochemka hakuui korona, na mzee ambaye mkono wake unatetemeka anaweza kuungua vibaya akiwa chini ya blanketi.

8. Dawa za presha na sukari zisikatike

Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa watu wasiingie wala kutoka, wagonjwa wa presha waliendelea kuwa na presha. Kwingineko kliniki zilikuwa wazi lakini watu waliziogopa. Panga siku moja kwa mwezi ya kuhesabu vidonge: wote mkae kwenye simu, kila mtu amwage kichupa chake mezani ahesabu. Ambaye vyake havitafika kikao kijacho anaingia kwenye orodha. Kijana mmoja wa bodaboda anayeaminika, mwenye picha za kadi za kliniki kwenye simu yake, anazunguka mara moja kuwachukulia wote. Nauli mnagawana. Kikao hiki cha vidonge, amini, huchangamka kuliko unavyodhani.

9. Msiba usiachwe uwe wa siku moja

Hapa tutulie kidogo. Katika yote yaliyowaumiza wazee mwaka 2020, sidhani kuna lililozidi kutomzika mwenzao. Amri ya Kenya iliruhusu watu 15 mazikoni. Mtu mliyefanya naye kazi bandarini miaka 30 anazikwa nyumba ya nne kutoka kwako, nawe umekaa dirishani. Nyumba ambayo ingejaa watu, mikeka na sufuria za wali, ikabaki na mjane na wanawe wawili.

Kundi haliwezi kufuta hilo, ila linaweza kukataa lisimalizikie hapo. Mtu akifariki, siku ya kwanza simu ya mfiwa hulia mpaka inazima. Siku ya tano hakuna anayepiga. Basi gawaneni siku. Katibu achore orodha ya siku 40, aweke watu wawili kila siku: mmoja asubuhi, mwingine baada ya magharibi. Mtu wa siku ya 23 ana thamani kubwa kuliko mtu wa siku ya kwanza. Asijaribu kutoa hotuba. Aulize, "Leo umelala?" Kisha asikilize.

Rambirambi zikusanywe kwa simu na zipelekwe mara moja kwa jina la kundi, pamoja na orodha ya waliotoa, ili familia ijue ni nani waliokuwa nao. Na kila mwanachama atume sauti yake akimkumbuka marehemu: alivyocheka, alivyokuwa akidanganya kwenye bao, alivyomsaidia mtu ada ya shule. Mjukuu mmoja aziunganishe sauti hizo zote. Familia itazisikiliza miaka na miaka.

10. Ibada na hadithi kwa pamoja, kila mtu kwake

Julai 2020 nyumba za ibada Kenya zilipofunguliwa tena, masharti yalikuwa waumini wasiozidi 100, saa moja tu, na waliopita umri wa miaka 58 wabaki nyumbani. Fikiria uchungu wa mzee aliyekuwa safu ya mbele miaka yote! Hata Ramadhani ya mwaka ule tarawehe zilisaliwa nyumbani, na kafyu ya saa moja jioni ilibisha hodi futari haijashuka tumboni. Kundi lichague kipindi kimoja cha dini redioni, wote wasikilize kwa wakati mmoja, kisha wapigiane kukijadili. Wenye dini tofauti wafanye makundi mawili madogo, na kila upande upokee heri za upande wa pili siku ya sikukuu.

Na katikati ya wiki? Jumatano ya kazi yangu! Kila wiki mmoja atume hadithi ya kazi aliyostaafu: kuli aliyebeba magunia Kilindini kabla makontena hayajashika bandari, fundi wa reli, mkunga, mwalimu wa darasa la kwanza. Wajukuu waisikilize. Wazee wengi walio kimya huchangamka unapowauliza walichokuwa wakikijua kuliko wengine wote.

11. Mkirudi, rudini kwa zamu

Machi 2021 chanjo za kwanza zilifika Kenya, na muda si mrefu waliofikisha miaka 58 wakapewa nafasi ya mbele. Chanjo ikija tena kwa ugonjwa mwingine, msiache kila mtu ahangaike na usajili wa mtandaoni peke yake. Fundi wenu wa kidokezo cha tatu awasajili wote kwa siku moja, kisha mwende wawili wawili. Aliyetangulia asimulie alivyojisikia kesho yake, hata kama mkono ulimuuma.

Siku ya kukutana wote ikifika, usishangae wengine wakisita. Aliyekaa ndani mwaka mzima miguu yake imelegea, na mwendo wa dakika tano kwenda barazani sasa ni safari. Mwingine bado anaogopa, wala haoni vyema kusema. Anzeni na watu sita, wiki ijayo kumi, na salamu za saa tatu ziendelee kwa walio nyumbani mpaka wenyewe waseme wako tayari. Wasioweza kutembea wafuatwe na tuktuk. Mtafute dereva leo jioni, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kwa watu watatu, na umwambie Jumamosi saa kumi alasiri, aje taratibu, mmoja wao ana goti baya.